Mkono Huu Hapa

Kwa miaka ishirini na sita alipiga chapa miswada ya Profesa, hadi chuo kizima kikamwita Mama Taipu. Alipostaafu alitoa riwaya yake mwenyewe, habari za mjane anayekataa wanawe wauze nyumba yake. Haikupita wiki, uvumi ukazagaa: kitabu ni cha Profesa, yeye kachapa tu.

Asubuhi ya mahojiano ya redio, kaka yake mkubwa alimpigia simu.

"Usishindane na wakubwa, dada yangu. Sema alikusaidia kidogo, yaishe."

"Kaka, shikamoo nimekupa. Hilo sikupi."

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye joto. Feni ilizimwa ili mvumo wake usiingie hewani. Mtangazaji, kijana mwembamba mwenye sauti nene, alikuwa amekisoma kitabu kweli.

"Mama, sura ya nne mjane anapiga pasi shati la marehemu. Halii, hasemi. Kwa nini?"

"Mwanzo nilimliza kurasa tatu. Nikazisoma kwa sauti, nikagundua anayelia ni mimi, si yeye. Nikazifuta, nikamwachia pasi. Sura hiyo nimeiandika mara kumi na moja."

Kijana akakohoa kidogo. "Wasikilizaji wanauliza, mkono ulioandika ni wa nani?"

"Huu hapa," akauinua.

"Mama, hii redio. Hawakuoni."

"Basi waambie wewe umeuona."

Nyuma ya kioo fundi mitambo aliangua kicheko, kisha akaashiria simu. Profesa alikuwa hewani.

"Huyo msaidizi wangu," alisema. "Kila anachojua kakiokota mezani kwangu."

"Nimejifunza kwako, sikatai. Na sentensi zako zilizopinda nilizinyoosha mimi, hukuwahi hata kugundua. Sasa niambie, Profesa: mwisho wa kitabu, mjane anamfungulia nani mlango?"

"Hilo ni swali la kitoto."

"Basi lijibu."

Simu ikakatika.

Kipindi kilipokwisha, mkuu wa kituo aliingia akifuta jasho. "Kwenye marudio ya jioni tutakikata kipande cha simu. Yule ni mtu mzito."

"Mkikitoa hicho, nitoeni na mimi. Kitini hapa sinyanyuki."

Wa kipindi kilichofuata walikuwa wameshajazana mlangoni. Mtangazaji naye akavua vipokea sauti, akavuta kiti, akaketi kando yake. Mkuu akawatazama wote wawili, akatazama saa ya ukutani.

"Haya. Kiende kama kilivyo."

Marudio yalikwenda yote. Profesa hakuomba radhi, na uvumi haukufa kabisa. Midomo ya watu haina kufuli. Kesho yake Mama Taipu alifuta meza, akaweka karatasi mpya, akaanza kitabu cha pili.