Jumamosi za Gaudence

Kutoka Songea hadi Peramiho si safari ya kuaga watu. Unapanda kibasi asubuhi, chai ya saa nne unainywa huko. Gaudence ilimchukua miezi mitano.

Mkewe, Benigna, alirudi kwao Peramiho mwezi wa nne mwaka 1993, baada ya Gaudence kumwita tasa mbele ya dada zake. Neno lilimponyoka, na alilijutia siku ileile. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu: amfuate mkewe, akae mbele ya wakwe, aombe msamaha. Bila hivyo mwanamke hawezi kujirudisha mwenyewe.

Basi akatuma salamu: nakuja Jumamosi. Jumamosi ikafika na belo jipya la mitumba sokoni, na mfanyabiashara gani ataacha belo lake lifunguliwe na mwingine? Iliyofuata, mvua. Nyingine, hakuwa na shati la kuendea ukweni. Muuza mashati huyo! Ukweli ni kwamba aliogopa, na kila wiki salamu zilikwenda badala yake.

Mwezi wa tisa, Jumanne moja, aliamka amechoshwa na uongo wake mwenyewe. Belo lilikuwa limefika. Akaliacha na kamba zake, akaenda stendi na shati la jana.

Baba mkwe, mzee Osmund, aliitikia shikamoo yake, akamwita binti yake, akawapisha. Gaudence hakuzunguka. Aliomba msamaha kwa maneno mawili, na yalivyokuwa mepesi, akalia.

"Nilishakusamehe zamani," Benigna alisema. "Jumamosi ya kwanza tulikufungia jogoo. Ya pili tukamfunga tena. Mimi nimekaa nje na mzigo wangu, majirani wanapita wananiuliza, vipi, mgeni bado? Lile neno lilikutoka kwa hasira, Gaudence. Kuningojesha ulikuwa unaamua kila wiki. Sirudi."

Hakupandisha sauti. Alimnawisha mikono, akamwekea ugali na maharage, akamsubiri amalize. Kisha akamsindikiza hadi barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote.

Kibasi kilipotokea alikisimamisha yeye, akamtakia safari njema, akageuka kwenda zake kabla hakijaondoka.