Rangi ya Waridi Mnarani

Harufu ya rangi mbichi ilimpokea Mwalimu Agrippina Vinciguerra mlangoni mwa mnara wa mji wa Petrasanna. Kuta za chumba cha chini, nyeusi miaka yote, sasa zilikuwa za waridi. Katikati palichorwa moyo mkubwa na maneno: Hapa Binti Isolda alijirusha kwa ajili ya penzi.

“Ndiye nani huyo Isolda?”

Meya Liborio, aliyefundishwa kusoma na mwalimu huyohuyo, akacheka. “Mwalimu wangu, usiniharibie siku. Watalii wanataka mapenzi. Nani atapanda kilima chote hiki kuja kuona walipofia kwa kiu wachimba madini ya salfa?”

“Kwa hiyo ukamtunga.”

“Nimemtunga, ndiyo. Si mzuri?”

Mate yalimjaa Agrippina kinywani kama mtu aliyemeza nzi. Wachimbaji kumi na mmoja walifungiwa humu kwa kugoma, na mwenye machimbo akadai amesahau kuwapelekea maji. Babu yake, Baldassare, mmoja wao, alichonga jina lake ukutani kwa msumari. Kila mwaka Agrippina alikuja kuligusa kwa kidole. Sasa lilikuwa limefunikwa na rangi ya ule moyo.

Wageni wakaingia, wakabusiana, wakapiga picha. Mwanamke mmoja akamwomba Agrippina, “Bibi, sogea kidogo, unauziba moyo.”

Agrippina akatoa mkobani kisu chake cha kumenyea mboga, akaanza kukwangua.

“Mwalimu! Watu wanatutazama!”

“Na watazame! Darasani ulikuwa mvivu, Liborio, lakini hukuwa mchafu.”

Alikwangua mpaka kengele ya adhuhuri. Zikatokea herufi tatu tu za jina la babu. Nyingine zilikuwa zimesawazishwa kwa saruji kabla ya rangi. Kufika hapo akaacha, akashuka kwenye bomba la uwanjani, akanawa mikono mara tatu, na bado aliisikia harufu ile.

Jumatatu moyo ukachorwa upya. Jioni meya akabisha kwake na sahani ya vitamutamu vya lozi.

“Mwalimu, tusigombane. Mji unakufa.”

“Na wewe unaupaka poda,” Agrippina alisema akiwa dirishani. “Ondoa hiyo sahani, inanitia kichefuchefu.”

Asubuhi akachukua kipande cha mkaa, akaandika majina yote kumi na moja kwenye ukuta wa nyumba yake, barabarani wanapopita watalii. Mvua ikinyesha yanafutika. Yeye hutoka tena na mkaa, huku akimtukana Liborio kwa sauti.