Masikio ya Longor

Zilikuwa nyeupe na ndogo kama meno ya maziwa ya mwanambuzi, zile spika za masikioni zisizo na waya ambazo Longor hakuzivua tena nyumbani tangu walipomzika mtoto wao, Nakaale. Kila Ijumaa jioni alirudi Lodwar kutoka Kakuma, akaegemea nguzo ya baraza na kuitazama mikoche ya ng'ambo ya mto, spika zimo masikioni. Amuria, mkewe, akawa anaishi na mgongo.

Kazi ya Longor ilikuwa ukalimani. Wiki nzima aliketi katika ofisi ya shirika moja, kati ya wakimbizi na maafisa, akivusha maneno ya watu kutoka lugha hadi lugha. Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Hupokea neno zima, hulikabidhi zima. Amuria alidhani mtu wa kazi hiyo hufika kwake ameshiba maneno, kama mpishi asiyetamani chakula chake mwenyewe. Muziki, basi, na umzibe.

Mwanzoni alinyamaza naye. Kisha siku moja, akisuka kikapu, akagundua kuwa anaweza kusema lolote. Mikono ilikunja milala, na kinywa kikafunguka. Mgongo ule haukujibu wala haukukemea. Aliuambia jinsi homa ilivyompanda mtoto, jinsi alivyopiga simu hadi kidole kikafa ganzi, na simu ya baba imezimwa kwa sheria ya chumba cha ukalimani. "Unamsikia wa Sudan, unamsikia wa Kongo," alisema. "Wako hukumsikia." Jumamosi iliyotangulia alisema mwezi ukiisha atapanda gari aende Kalokol kwa dada yake anayekausha samaki, na hatarudi, tena begi lenyewe, lile la chini ya kitanda, zipu yake imekufa, sijui atalifunga na nini. Makubwa na madogo aliyatia katika shimo moja, kwa kuwa shimo halina masikio.

Jumamosi hii akaongeza jingine. "Afadhali ningeolewa na jiwe," alisema, akikaza msuko. "Jiwe hupata joto jua likiliwakia."

Bega la Longor likashtuka.

Kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inapotuliwa na nzi. Lakini Amuria alikuwa binti wa mfugaji. Alijua kumtofautisha mnyama aliyelala na mnyama anayejifanya amelala. Akaweka kikapu chini, akaingia ndani, ambako simu ya mumewe ilikuwa ikichaji juu ya meza. Aliishika kama mtu ashikaye yai la mwenzake, asijue pa kuanzia.

Hoodo, jirani yao mwenye duka la nguo, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwa mlango wa nyuma kuchukua vikapu vya wateja wake wa Kakuma.

"Ejok, Mama Nakaale."

Wengine wote walikuwa wameliacha jina hilo kaburini. Hoodo alikataa. Mtoto hufa, alisema, umama haufi.

"Ejok. Hoodo, nitajuaje kama spika za huyu zimeunganishwa na simu?"

Hoodo akachungulia barazani. "Huyo? Shemeji amefunga masikio kama duka langu saa ya swala ya Ijumaa. Unataka kujua anaimbiwa na nani, ee? Wivu umekupata ukubwani!"

"Nionyeshe tu, dada."

Hoodo alimtazama usoni, akaacha mzaha. Kidole chake chenye hina kikateleza juu ya kioo, polepole, Amuria akikifuata kwa macho. "Hapa. Zikiwa zimeshikana na simu, chini ya jina lake utaona pameandikwa 'Imeunganishwa'. Sasa angalia mwenyewe. Bluetooth imezimwa."

"Iwashe."

Akaiwasha. Jina la spika likajitokeza, la kijivu. Hoodo akaligusa, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikachoka. Simu ikasema imeshindwa kuunganisha.

"Na bado amezivaa," Amuria alinong'ona.

"Basi hazina chaji. Hizi hazichomekwi ukutani, dada. Hulazwa kwenye kikasha chake, humo ndimo zinamokunywa moto. Kikasha kiko wapi, tukiangalie?"

Amuria akairudisha simu mezani.

Kikasha. Nakaale alikipenda kuliko mwanasesere wake. Alikifungua, akakifunga, tak, tak, akacheka kila kilipobana. Siku ya mazishi, kabla mawe hayajapangwa, Longor alipiga magoti akakitia katika kiganja cha mtoto. Amuria alikuwepo, aliona. Na tangu hapo alikililia kikasha kile kama kitu cha mtoto, asikifikirie hata mara moja kama kitu cha spika.

"Kiko kwa mwenyewe," alisema.

Hoodo alifungua kinywa kuuliza, kisha akaelewa. Akavuta mtandio wake hadi kidevuni, akabeba vikapu, akatoka bila kuaga.

Amuria alipiga magoti, akalivuta begi kutoka chini ya kitanda. Zipu ya zamani ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake palishonwa nyingine kwa uzi mweusi, mishono mikubwa, iliyopinda, ya mkono usiozoea sindano. Akaivuta. Ikapita hadi mwisho pasipo kukwama.

Akakaa sakafuni. Alijaribu kukumbuka yote aliyoyasema tangu mazishi, akashindwa. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa yamefika. Yule mtu angeweza kuinuka akaenda mtoni, akaenda sokoni, akabaki Kakuma. Kila Jumamosi aliketi palepale, karibu na kikapu chake, akapokea. Na katika yote aliyopokea, alikuwa amepata moja tu la kulitengeneza. Amuria hakujua kama zipu ile ilikuwa ruhusa ya kwenda au ombi la kubaki.

Alirudi barazani. Upepo ulikuwa umeinua vumbi, na ng'ambo ya mto mikoche haikuonekana. Aliketi mahali pake, nyuma ya mgongo ule, akaokota milala. Mikono ilisuka. Kinywa kilifunguka, kikafumba. Jua likateremka hadi likagusa ukingo wa kikapu, na neno lilikuwa halijatoka.

Longor hakugeuka. Sauti yake ilikwaruza kama lango la boma lisilofunguliwa msimu mzima.

"Mbona umenyamaza?"