Mvinyo wa Siku ya Pili

Katika duka la mvinyo la mama mkwe, mvinyo haukuonjwa siku chupa ilipofunguliwa.

"Anayenunua chupa ya bei nafuu haimalizi siku moja," mama mkwe alizoea kusema. "Hunywa leo, akabakiza ya kesho. Basi na sisi tuonje hiyo ya kesho."

Kwa hiyo kila mwaka chupa zilizoletwa na watu wa familia zilifunguliwa siku moja kabla ya kuonjwa, zikarudishiwa vizibo, zikavalishwa soksi kuukuu ili lebo zisionekane, na kila soksi ikabandikwa namba. Sita zilizoshinda zilikaa rafu ya mbele mwaka mzima, kila moja na kadi yenye jina la aliyeileta.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mke wa mwanawe kitinda mimba aliruhusiwa kuleta yake. Alikuwa mpole wa kauli hata wifi yake, mkaa kaunta, akambandika jina la Mnong'ono. Kwa miaka minne alikuwa akiifuta vumbi ile rafu, akizisoma kadi za wenzake. Sasa aliitaka yake. Alihangaika wiki tatu mpaka akapata mwekundu wa Ureno, unaonukia zambarau zilizoiva.

"Leo wifi yangu halali nyumbani, analala rafuni!" wifi alimtania.

Walianza kuonja asubuhi, duka likiwa bado limefungwa. Walisukutua, wakatema kwenye ndoo. Namba tatu mama mkwe aliimeza, na hapo hakuna aliyehitaji kuuliza kama imepita. Nyingine nne nazo zilipita. Ikaja namba saba, ya mwisho.

Mnong'ono alikunja uso. "Huu hapana."

"Mbona mimi naona si mbaya?" wifi alisema.

"Harufu imekwenda. Kilichobaki ni siki. Mteja akiurudia kesho yake, ataumwaga."

Soksi zikavuliwa. Tano zilizopita zilitoka Chile, Afrika Kusini, Hispania, Hungaria na Ajentina. Mama mkwe akaivua namba saba.

Ureno.

Wifi alicheka mpaka akakalia katoni. "Jamani! Umejipiga mwereka mwenyewe!"

Mama mkwe hakucheka. "Mimi ile saba ilinitia shaka tu, sikuikataa. Nafasi ya sita ipo. Ukitaka kubadili neno, badili."

Mnong'ono aliitazama rafu. Neno moja tu, na jina lake lingekaa pale mwaka mzima. Alijimiminia tena, akasukutua taratibu, akitamani zambarau zirudi. Hazikurudi.

"Hapana, mama. Siku nilipouchagua ulikuwa mtamu, wallahi. Leo haufai."

"Mwonjaji ni huyu hapa," mama mkwe alimwambia bintiye, "nyie mnatetea chupa zenu kama mmezizaa." Kisha akamgeukia Mnong'ono. "Nafasi ya sita iache wazi. Kesho nenda kwa msambazaji, onja chupa alizofungua leo, chagua, uniletee katoni nzima. Kadi utaandika wewe, kwa jina lako."

"Niende na nani, mama?"

"Kwani ulimi wako unataka msindikizaji?"

Wifi akadakia, "Mimi nipo, nimsindikize!"

"Wewe kaa na kaunta yako."

Mnong'ono alianza kukusanya bilauri, tabasamu likimshinda kulificha.

"Anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwake."