Mgongo wa Blanketi

Mteja akija nyumbani kwangu Bagara, simwachi atazame picha kwanza. Namgeuzia blanketi, namwonyesha mgongo. Wengi hushangaa. Wamekuja kuona simba, au kanisa lao, au sura ya mtoto siku ya kipaimara, na mimi nawaonyesha upande utakaolala chini. "Pitisha mkono," nawaambia. "Tafuta fundo." Hawalipati.

Mimi ni Benadetha, Mama Nehemia, na katika kufuma mablanketi ya picha hakuna wa kunifikia mjini Babati. Nayasema mwenyewe kwa sababu watu wengine wanachelewa kuyasema.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachukua karatasi za grafu, zile za wanafunzi wa sekondari, unaziunganisha kwa gundi, unachora picha yako na kuipaka rangi chumba kwa chumba. Kila chumba ni kitanzi kimoja cha kroshia. Mstari wa kwanza unausoma kutoka kulia kwenda kushoto, wa pili kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayelima kwa ng'ombe: akifika mwisho wa shamba anageuza jembe na kurudi. Ukiruka chumba kimoja, simba anaota pembe.

Shida iko kwenye kubadili rangi. Kila uzi unapokatwa unaacha ncha nyuma, na blanketi moja la kitanda linaweza kuwa na ncha mia tisa. Wafumaji wengi huzifunga mafundo, wanazipunguza kwa mkasi, basi. Mimi kila ncha naichomeka kwa sindano ndani ya vitanzi vya rangi yake, kwenda na kurudi, mpaka inapotea. Ukigeuza blanketi langu unaona picha ile ile imeangalia upande wa pili, safi.

Nimewafundisha wanawake watatu, na wote watatu walinikimbia kwa sababu ya ncha. Wa mwisho ni Conjesta, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, hilo nakiri. Siku anaondoka aliniuliza, "Mama Nehemia, nani analala akitazama mgongo wa blanketi?" Swali hilo lilizunguka soko zima mpaka likanirudia kwa mdomo wa muuza vitunguu. Sasa Conjesta ana meza yake sokoni, blanketi analimaliza kwa wiki mbili, na wateja anao.

Basi mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika, alikuja Lea, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Nangara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Pitisha mkono hapa."

Hakupitisha. Alikaa kwenye kochi, machozi yakamlengalenga. Bibi yake mzaa baba, Bibi Udaghwenga, alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga huko kwao Basotu, nyuma ya Mlima Hanang. Walimleta hospitali hapa mjini, na alipotoka akawekwa kwa Lea. Mfupa haukuunga. Daktari alisema wazi kwamba Bibi hatatembea tena, na safari ya kurudi kwao hataiweza hata akilazwa kwenye gari. Tangu asikie hayo alikuwa amegeukia ukutani. Maziwa hanywi, uji anaonja kijiko kimoja. Neno lake ni moja tu, kwamba anataka kuuona mlima wake.

"Nikamfungulia dirisha," Lea alisema. "Nikamwambia, Bibi, mlima ule pale. Akasema huo ni Kwaraa, wa watu wengine. Akageuka tena."

Akanionyesha picha kwenye simu. Aliipiga Endasak, kwenye barabara kuu ya kwenda Katesh, alipokwenda harusini. Mlima Hanang mzima, umekaa peke yake kwenye tambarare, upande wa kushoto unateremka polepole, upande wa kulia una bega lililotuna kama la fahali. Alitaka blanketi la kitanda, mlima ulijaze lote, na ng'ombe chini yake. Alikuwa na imani kwamba Bibi akiuona mlima atakula.

"Sokoni wameniambia wiki mbili," akasema. "Kwako je?"

"Wiki nne."

"Mama, sijui kama Bibi ana wiki nne."

Ningekuwa mnyenyekevu ningemwelekeza kwa Conjesta. Sikumwelekeza. Nilimwambia nitajibana, wiki tatu na siku chache, na bibi yake atalala chini ya kitu cha maana. Lea akatazama simu yake, akatazama blanketi la simba lililokuwa kochini, akakubali.

Nilichora kwa siku mbili. Vyumba mia na hamsini kwa upana, mistari mia mbili kwa urefu. Kitanzi cha kroshia hakina pande sawa kama chumba cha grafu, ni kipana kuliko kimo chake, na asiyelijua hilo mlima wake unatoka umelala kama chapati. Mimi nalijua. Nilinunua uzi wa bluu iliyoiva kwa mlima, kijivu kwa mawingu, njano kwa nyasi za kiangazi, na nyekundu kwa ng'ombe saba. Wa nane nikamfuma mweupe, kwa sababu sijaona kundi la Wabarabaig, watu wa kabila la Bibi, lisilo na mweupe. Kwenye kona nikaweka herufi yangu, B, kama ninavyoweka siku zote ili kazi yangu isije ikapewa mama mwingine.

Wiki ya tatu ilipoisha, mlima ulikuwa umesimama. Lea alikuja, nikamtandikia sakafuni, akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Naomba niondoke nalo leo hii, mama. Jana hakuonja kitu kabisa."

"Bado siku nne."

"Za nini tena?"

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na msitu wa nyuzi zinazoning'inia.

"Mama, hizo funga tu! Nani ataziona?"

"Mimi nimeziona."

Lea ni mtu wa adabu, lakini siku ile alinipandishia sauti. "Mama Nehemia, hili blanketi ni la bibi yangu au la jina lako?"

Nilimjia juu. Nilimwambia mafundo humchubua mgonjwa anayelala kutwa nzima bila kujigeuza. Nilimwambia fundo hulegea likifuliwa, na mwaka hautaisha kabla mlima haujatoboka. Yote hayo ni kweli, na bado alipoondoka bila kuaga nilijua kwamba amenigusa penyewe. Sikuwa nimewaza ngozi ya Bibi peke yake. Nilikuwa nimewaza na maneno ya sokoni.

Siku nne nilizifanya tatu. Nilikula kwa mkono mmoja. Kila simu ilipolia nilidhani ni Lea ananiambia nisihangaike tena. Niliogopa, nasema wazi. Kama Bibi angekufa katika siku zile tatu, ningeulizwa na moyo wangu maisha yote, na mgongo safi wa blanketi usingenijibia. Hata hivyo kila ncha niliichomeka, kwenda na kurudi. Kwa haraka sijui kufanya, na sikutaka kujifunza kwa kitanda cha mgonjwa.

Siku ya tatu mchana nilipanda bajaji na blanketi mapajani mpaka Nangara. Lea alinifungulia mlango kwa "shikamoo" fupi. Bibi alikuwa amelala chumba cha uani, mwili mdogo uliokauka, bangili za shaba zikimcheza mkononi, uso ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni Mmbulu?"

"Ndiyo bibi. Wa Dareda."

"Mmekuja kuchukua shamba gani tena?" Sisi Wambulu kulima malisho ya Wabarabaig ni ugomvi wa zamani.

"Leo nimeleta, bibi. Sijaja kuchukua."

Lea na mimi tukalitandaza juu ya miguu yake. Bibi akageuka taratibu, uso wake umechorwa zile alama za kwao kuzunguka macho. Akatazama. Akatazama tena. Sitawadanganya, nilikuwa nimenyoosha shingo nikisubiri kusifiwa.

"Hiki nini?"

"Mlima wako, Bibi," Lea akasema.

"Si wangu." Akarudi ukutani.

Lea akakaa chini sakafuni palepale. Mimi nikabisha. "Bibi, nimehesabu kila kitanzi! Hanang ni huu, picha imepigwa palepale!"

"Palepale wapi?"

"Endasak."

"Endasak jua linazama kwenye mlima," akasema bila kugeuka. "Kwetu linatokea kwenye mlima. Bega liko huku, asubuhi jua likitoka hapo begani ndiyo tunafungua ng'ombe." Akainua mkono wa kushoto, bangili zikateremka mpaka kwenye kiwiko. "Huo ni wa watu wa barabarani."

Nilisimama nikiutazama ule mkono. Lea alizaliwa hapa hapa mjini na Basotu alipelekwa mara mbili tu, akiwa mtoto wa kubebwa. Mimi sijawahi kupita Katesh. Bega la mlima ni lile lile moja, lakini aliyesimama Endasak analiona kulia, na aliyesimama Basotu, upande wa pili, analiona kushoto. Tulikuwa tumeuchora mlima kutoka mbele, na Bibi maisha yake yote aliuona kutoka mgongoni.

"Lea, inuka," nikamwambia. "Shika kona hizo."

"Mama, mwache apumzike."

"Shika kona, nakwambia!"

Tukalinyanyua, tukaligeuza, tukalitandaza upya.

"Bibi, geuka mara moja tu. Ukilikataa, nalirudisha kwangu nijifunike mwenyewe, baridi ya mwaka huu naijua."

Nadhani aligeuka ili nimtoke. Macho yake yalifika kwenye bega, upande wa kushoto, yakakwama hapo. Kisha mkono ukatoka chini ya shuka. Alianza kuupitisha mtelemkoni, polepole, akifuata ukingo wa mlima kitanzi kwa kitanzi, na mkono ule ulikuwa unafanya kile ninachowaambia wateja wote wafanye. Haukukwama popote. Hakuna fundo lililomsimamisha.

"Hapa pana kisima," akasema. Kidole kikasogea. "Hapa boma la baba. Hapa ndipo nilipomzaa baba yako, Lea, mvua inanyesha." Akafika kwa ng'ombe, akawahesabu kwa kilugha mpaka yule mweupe. "Hawa wanarudi nyumbani."

"Na upande ule mwingine, bibi?" nikamuuliza. "Walikuwa wanakwenda wapi?"

"Mnadani."

Lea akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akaficha uso kwenye khanga yake. Bibi hakumjali. Alikuwa amefika kwenye kona, anaikuna herufi yangu kwa ukucha.

"Na huyu mdudu?"

"Ni jina langu, bibi. Limegeuka, kwa sababu huu ndio mgongo."

Akafikiri. "Mwache. Atazame kwetu." Kisha akamgeukia mjukuu wake kwa hasira ya mtu asiyeumwa kabisa. "Lea! Kutwa nzima watu wanakaa humu ndani, maziwa hakuna?"

Alikunywa kikombe kizima, akaomba kiongezwe. Wakati wa kuniaga Lea alinisindikiza mpaka barabarani. Lile swali lake la siku ile hakulitaja, na mimi sikulitaja. Alichukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akatazama vidole vilivyochomwachomwa na sindano, akavishika kwa mikono yake yote miwili mpaka bajaji ikaja.

Mtasema ni bahati. Semeni. Lakini bahati hiyo ingekuta mafundo mia tisa, ingekaa wapi? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili ya kuficha ncha, nikichekwa, nikikimbiwa, na kuna siku hata mimi nilishindwa kueleza naficha kwa ajili ya nani. Siku ile nilijivuna mpaka nikaona aibu kidogo, na aibu yenyewe haikufika mbali.

Dereva nilimwambia apite sokoni kwanza. Conjesta alikuwa mezani kwake, ananing'iniza twiga.

"Shikamoo Mama Nehemia. Za Bagara?"

"Marahaba. Lile swali lako nimekuletea jibu."

"Swali gani?"

"La nani analala akitazama mgongo wa blanketi."

Akaacha twiga. Nikamtajia jina la Bibi, nikamwelekeza nyumba, ya pili baada ya mashine ya kusaga, na nikamwambia akienda apitishe mkono taratibu, na anawe kwanza.