Samaki Aliyeuliza Nani Atabaki

Usiku wa jana niliota nahojiwa na samaki.

Ni yule beta, samaki mdogo wa bluu, ambaye mwanangu Tunu, wa miaka mitano, amemlilia wiki nzima kwenye duka la samaki wa mapambo. Jumatatu nakwenda Iringa siku tisa, mafunzo ya vitendo ya ualimu wa chekechea niliousomea jioni kwa miaka miwili. Tunu anataka samaki aje nyumbani kabla sijaondoka. Mimi nasema asubiri nirudi. Ukweli ni kwamba simhofii samaki. Nahofia siku tisa za Tunu na baba yake, peke yao.

Ndotoni niko dukani, chupa za samaki zimejaa rafu nzima. Kati ya kila chupa na mwenzake kuna kipande cha boksi, maana beta wakionana wanapigana. Muuzaji ananitazama, kisha anasimamisha boksi kubwa kati yangu na mwanamke wa pembeni.

"Samahani dada, ndiyo taratibu."

"Lakini huyu ni jirani yangu, Mama Sikujua."

"Ndiyo maana."

Mama Sikujua anacheka nyuma ya boksi. "Nenda tu Iringa, shoga! Utarudi mtoto ana nywele kama fagio la chelewa. Baba Tunu anajua kusuka?"

"Hajui."

"Kupika?"

"Anapika chai."

"Haya. Mtoto atakunywa chai siku tisa."

Beta anagonga kioo kwa pezi. Amevaa miwani ya kusomea.

"Mama Tunu, karibu. Maswali matatu tu. Maji yangu yatakuwa ya namna gani?"

"Ya bomba, ila yaliyolala kwanza, dawa itoke." Hilo nimelisoma.

"Yamelala kweli?"

Nageuka. Duka ni chumba chetu cha kulala. Ndoo ya maji iko kitandani, imejifunika shuka mpaka kwenye mkono, inakoroma.

"Basi tuongee taratibu," samaki ananong'ona. "Chakula?"

"Punje mbili asubuhi, mbili jioni. Ukizidisha unavimba."

"Vizuri. Na ukiondoka, nani atabaki na mimi?"

Ndoo inajigeuza upande wa pili, ukuta unasogea kuipisha, na tuko Tabora, kwenye nyumba za reli, jikoni kwetu, mwezi ule mama alipokwenda Nzega kumuuguza bibi.

Harufu ni ya mkaa na grisi. Baba yangu amekaa kwenye kigoda na sare yake ya kazi. Mimi nimekaa katikati ya magoti yake, nina miaka sita. Pia nimesimama mlangoni, nina miaka ishirini na saba, nimeshika chupa ya samaki. Hakuna anayeshangaa.

Baba hajui kusuka. Anazigawa nywele zangu mafungu mawili, anayafunga kwa vipande vya bendera ya kijani, ile ya kuruhusu treni.

"Baba, watanicheka shule."

"Bendera ya kijani haichekwi, mama. Wewe pita tu."

Kisha anapakua ugali. Umeungua chini. Anaubandua ukoko, anaunyunyizia sukari, tunautafuna wawili, kra kra, jambo ambalo mama asingeliruhusu hata siku moja. Miaka yote nimewaambia watu kwamba mwezi ule nililia. Nililia kweli, siku ya kwanza. Siku zilizobaki nilikula ukoko.

Samaki anafuta miwani yake. "Huyo ndiye aliyebaki?"

"Ndiye."

"Hata kwetu. Mama akishataga, anaondoka. Baba anatengeneza kiota cha povu juu ya maji, anayaweka mayai humo. Likidondoka moja, analifuata chini, analirudisha kwa mdomo."

"Na mama je?"

"Anaogelea. Ana shughuli zake."

"Hasemwi?"

"Na nani? Tumewekewa maboksi."

"Na watoto wanakua vizuri?"

Anayatandaza mapezi yake yote, taratibu, mpaka jikoni panakuwa bluu. "Wewe unanionaje?"

Baba ananyanyua macho kutoka kwenye sufuria. "Mjibu mgeni, mama. Nani atabaki?"

"Baba Tunu," nasema. Nangoja neno "lakini" litoke kama kawaida yake. Halitoki.

"Nimekubali," anasema samaki. "Uje unichukue leo, kabla ya adhuhuri."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Tunu alikuwa amejipenyeza katikati yetu, mguu wake mmoja juu ya kifua cha baba yake. Kwenye stuli, bilauri yangu ya maji ya kunywa ilikuwa haijaguswa. Juu ya maji, upande mmoja, palikuwa na kifungu cha povu: vipovu vidogo sawasawa, vimebanana kama punje za mtama.

Nilivipuliza. Havikupasuka.

Nikamgusa Baba Tunu bega, nikamwambia avae, tunakwenda dukani.