Karamu Nyeusi

Ijumaa moja mwaka wa 1971, Theuri wa Chaka alipokea kikaratasi kutoka kwa bintiye Wachuka, aliyekuwa akisomea ukarani Nanyuki. Chuo kilikuwa kikiwafundisha kuandika haraka kwa kuacha irabu, na Wachuka, mtu asiyejua kujifunza kitu nusu, alikuwa ameziacha kabisa.

MTHN JMTT. NTK KRM NYS. WCHK.

Theuri alikitazama, akakigeuza chini juu, kisha yeye na mkewe Wakonyo wakakipeleka kwa Hezekiah, fundi wa nguo aliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia vitambaa. Hezekiah akaziandika herufi kwa chaki mezani, akiacha nafasi za kujazia.

"JMTT ni Jumatatu," akasema.

"Hata mimi hiyo niliona," Theuri akasema.

"NTK, nataka. KRM, karamu. Sasa MTHN..." Akajaza polepole. "Muthoni."

Kwa Kikuyu, muthoni ni mkwe. Theuri hakuwa na mkwe. Wachuka alikuwa mtoto wake wa pekee, na hajaolewa.

"Ati mkwe? Mkwe gani?"

"Mimi nilijua," Wakonyo akasema. "Mara ya mwisho alipaka mafuta mpaka viwiko."

"Na NYS?" Theuri akauliza.

Hezekiah alijaza, akafuta, akajaza tena. "Nyeusi."

Wote watatu waliwaza kitu kimoja. Theuri alikuwa na beberu mmoja mweusi, aliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa. Mnyama huyo alimfuata hata kanisani, akamngoja mlangoni.

"Haikuandikwa mbuzi," Theuri akasema kwa sauti ndogo.

"Baba Wachuka, hapa kwetu tuko na kitu gani ingine nyeusi?"

"Sufuria."

"WCHK," Hezekiah akaendelea, "wacheke. Yaani wageni wafurahi."

"Fundi, hiyo ni jina yake," Wakonyo akasema.

Jumapili mchana majirani walikuwa wakimenya viazi, na kisu kilikuwa kimenolewa mara mbili. Theuri alikuwa ameshika kamba ya beberu tangu watoke ibadani. Kila aliyeomba kusaidia aliambiwa kwamba fundo linasumbua kidogo.

Wachuka akatokea barabarani mbio.

"Baba, hamkupata barua? Kesho ni mtihani! Karamu iko wapi?"

"Ndiyo hii," Theuri akasema, akimwonyesha beberu.

"Nataka ile nyeusi!"

"Kwani hii ni rangi gani?"

"Baba! Hii itaandika aje?"

Visu vya viazi vikasimama. Wachuka alivuta pumzi ili aseme kalamu vizuri, lakini ikatoka karamu vilevile, kama inavyotoka kwa kila mtu wa Chaka. Akaamua kuandika hewani kwa kidole.

"Ya wino. Niliacha dirishani."

Wakonyo akaingia ndani, akarudi na kalamu, akampa. Kisha akamgeukia fundi.

"Mtihani," Hezekiah akanong'ona, akihesabu herufi kwa vidole. "Ni kweli, inaingia." Lakini hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. "Ila hiyo NYS, ukiangalia vizuri, inaweza pia kuwa nyasi."

Fundo lilikuwa limeshafunguka.

"Basi ni hiyo," Theuri akasema, akampeleka beberu malishoni.